Walikubaliana Nini Kasese

Kwetu Bwera, wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, mkutano wa siasa hauishi mkubwa anaposhuka jukwaani. Msafara ukishaondoka na vumbi la barabara ya Mpondwe likatulia, ndipo wanaume huvuta viti vya plastiki hadi barazani mwa duka, chai ikaagizwa, na swali likaanza: "Sasa huyu amesema nini?" Si kwamba hawakusikia. Vipaza sauti vya siku hizi husikika mpaka ng'ambo ya mto Lhubiriha, kwa ndugu zetu wa Kasindi, Kongo. Mkalimani naye alikuwa pale pale, akigeuza Kiingereza cha waziri kuwa Kikonzo, mara dakika tano za waziri zikitoka kwake nusu dakika, mara sentensi moja ikizaa hotuba. Maneno yote wameyasikia mara mbili. Wanachotafuta ni lile ambalo waziri ataweza kulikana kesho.

Nilifundisha shule za msingi katika vilima vya Bukonzo hadi nikastaafu, na kwa ajili ya Kiingereza changu cha chaki nimekalishwa kiti cha katikati tangu ujanani. "Mwalimu, tupambanulie." Nami napambanua. Kazi yenyewe haina mshahara, ni chai tu. Vijana wanadhani desturi hii imeletwa na redio za FM. Ni ya zamani kuliko FM, na ukiifuata nyuma utaikuta historia nzima ya Kasese imo humo, kwa sababu wilaya hii imepiganiwa na kupatanishwa kwa kauli ambazo kila upande uliondoka nazo ukiwa umesikia lake.

Fundi wa kwanza wa kauli hizo alikuwa mwalimu mwenzangu, Isaya Mukirania. Mwaka 1954 alianzisha chama cha utafiti wa historia ya maisha ya Wakonzo. Msomaji ajiweke mahali pa afisa wa Kiingereza pale Fort Portal: watu wa milimani wanataka kukusanya habari za mababu zao. Utawakatazaje?

Lakini afisa huyo alipaswa kukumbuka mambo mawili. Mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Omukama Kasagama, mfalme wa Toro, uliiweka Busongora na Bwamba, makazi ya Wakonzo na Waamba, ndani ya ufalme wake, bila mtu wa mlimani kuulizwa. Kuanzia hapo kodi ilielekea Fort Portal, wakubwa wakatoka huko, na mtoto wa Kikonzo akafika shule akafundishwa kwa Kitoro. La pili ni kwamba walioinuka kupinga hali hiyo waliishia kwenye kamba: Nyamutswa na Tibamwenda walinyongwa mwaka 1921 pamoja na mwenzao. Kwa hiyo chama cha kudai kujitoa Toro kingevunjwa siku ya kwanza. Chama cha historia kilipita.

Baba yangu alinisimulia jinsi mtu mwenye daftari alivyofika kilimani kwetu. Aliuliza majina ya koo, nani alihamia kutoka wapi, makaburi yako wapi, na wazee wanakumbuka nini kuhusu 1921. Aliandika polepole, akirudia kila jina kwa sauti ili asikosee. Baba alisema ukurasa wa pili haujajaa, kila aliyekuwa pale alishaelewa ni jambo gani linalotayarishwa. Ukimwuliza mtu babu yake alinyongwa na nani, na kwa amri ya nani, umeshamwambia unachotaka kumwambia. Na afisa akikuita, daftari liko wazi mezani: majina, koo, makaburi. Historia.

Mwaka huohuo wa 1954 Mwingereza mmoja mwandishi, Tom Stacey, alitembea milima hii, na mwenzake wa safari aliyekuwa pia mkalimani wake alikuwa Mukirania. Yaani mtu yuleyule aliyekuwa akifanya kazi ya kupitisha maneno ya Wakonzo masikioni mwa mgeni ndiye aliyekuwa akijifunza ni maneno gani yanapita na yapi yanakwama. Hilo sidhani lilikuwa bahati tu.

Uhuru ulipokaribia, ufundi ule uligonga ukuta. Katiba mpya ya Toro ilikuwa ikiandikwa, na wajumbe wa Wakonzo na Waamba walitaka itamke wazi kwamba watu wao ni sehemu ya Toro sawasawa na Watoro. Dai hilo halikuwa la kujitenga. Lilikuwa la mstari mmoja katika katiba. Wakanyimwa. Mapema mwaka 1962 wakatoka katika Rukurato, baraza la Toro, wakasema basi tupewe wilaya yetu. Viongozi watatu, Mukirania na Waamba wawili, Yeremia Kawamara na Petero Mupalya, wakakamatwa. Mimi huwaambia watu: hapa ndipo mahali pekee katika hadithi hii yote ambapo upande mmoja uliomba neno lililo wazi kabisa, na kunyimwa neno hilo ndiko kulikoleta vita.

Tarehe 30 Juni 1962, miezi michache kabla ya bendera ya Uganda kupandishwa, milima yetu ilitangazwa kuwa nchi huru iitwayo Rwenzururu. Serikali iliunda tume chini ya daktari Ssembeguya. Tume ikasikiliza, ikaona manung'uniko yana msingi, lakini haikupendekeza wilaya. Mwaka 1963 hali ya hatari ikatangazwa, na serikali kuu ikaanza kuitawala Busongora na Bwamba moja kwa moja, bila kupitia Toro. Ya muda? Ya kudumu? Fort Portal walisikia kwamba askari wakimaliza kazi mambo yatarudi yalivyokuwa. Mlimani walisikia kwamba nusu ya safari imekwisha. Obote, aliyekuwa waziri mkuu, akamtuma Stacey apande akaongee na rafiki yake wa zamani. Alipanda, akaongea, na vita vikaendelea.

Mukirania alikufa Septemba 1966. Tarehe 19 Oktoba mwaka huo mwanawe Charles Wesley Mumbere akavishwa taji la Omusinga, yaani mfalme wa Rwenzururu, akiwa mtoto ambaye hata miaka 15 hajafikisha. Tunza tarehe hiyo, itarudi.

Ya utawala wa Idi Amin nitayapitia haraka, maana Amin hakuwa mtu wa kauli za kuzunguka. Mwaka 1974 alikata wilaya mbili, Rwenzori na Semliki, zikatoka Toro, basi. Kile walichokiomba wajumbe wa 1962 kikapatikana kwa amri ya siku moja. Lakini mlimani miaka 12 ilikuwa imepita. Kulikuwa na bendera, wimbo, mawaziri, mahakama, wakusanya kodi. Watu waliokuwa wakiomba wilaya sasa walikuwa na nchi, angalau machoni pao, na mwenye nchi humwambii asherehekee wilaya. Amin alipoondoka jina la mlima nalo likaondolewa: wilaya ikaitwa Kasese, kwa jina la mji wa reli na wa shaba ya Kilembe.

Sasa nifike mwaka 1982, ambao naukumbuka kuliko mwaka wangu wa ndoa.

Serikali ya Obote ya pili ilikuwa na vita Luwero tangu Februari 1981, na haikutaka moto mwingine magharibi. Mlimani watu walikuwa wamechoka. Miaka 20 ya kulala na kiatu mguuni si mchezo. Amon Bazira, Mkonzo mwenzetu aliyekuwa naibu waziri, ndiye aliyepanda na kushuka na maneno. Nami huwaza ugumu wa kazi ile. Katiba ya 1967 ilifuta falme zote, na aliyezifuta ni Obote mwenyewe. Kabaka wa Buganda hakurudishiwa kiti, Omukama wa Toro hakurudishiwa kiti. Je, angemtambua vipi mfalme wa milimani ambaye hata Waingereza hawakuwahi kumwandika? Na kwa upande wa pili, Mumbere angewaambia nini watu waliozika watoto wao kwa ajili ya bendera ile? Kwamba sasa irudishwe kabatini?

Kwa hiyo hakuna aliyetamka lolote kati ya hayo. Tarehe 15 Agosti 1982 Mumbere alishuka na watu wake hadi Kasese, silaha zikakabidhiwa. Kulikuwa na ahadi: wazee wa Rwenzururu kupewa nafasi katika utawala, magari na maduka kwa faida yao, Omusinga kwenda kusoma ng'ambo, na juu ya yote hayo, eneo kuwa na kiasi fulani cha kujiendesha lenyewe.

Nilirudi nyumbani kutoka Kasese juu ya lori, na jioni ile baraza lilijaa hadi watu wakakaa barabarani. Nakumbuka taa ya chemli iliyowekwa juu ya kreti la soda, na wadudu wakiigonga. Mzee mmoja wa UPC, chama cha Obote, ndiye aliyeanza, akiwa bado amevaa shati lake la chama.

"Amejisalimisha. Bunduki zimewekwa chini, mmeziona kwa macho yenu. Ufalme umekwisha."

Mbele yake alikaa mzee mwingine, aliyekuwa ameshuka mlimani siku ileile baada ya miaka mingi. Alikuwa mwembamba, na chai aliinywa kwa mikono miwili.

"Mtu aliyejisalimisha hupewa pingu," akasema. "Sisi tunapewa magari. Serikali ndiyo iliyokuja kwetu. Tumekubaliwa kujitawala."

"Kiasi fulani," akakumbusha yule wa UPC.

"Ndiyo. Kiasi fulani."

Hapo mfanyabiashara mmoja wa kahawa, mtu wa kwenda na kurudi Kasindi, akauliza kama anavyouliza mtu aliyezoea mizani: "Kiasi gani?"

Hakuna aliyemjibu. Wakanigeukia mimi. Nikasema kwamba kwa nilivyosikia, kila mmoja wao anaweza kwenda kulala akiwa ameshinda. Wakacheka, wakaenda kulala.

Siwalaumu walioitunga kauli ile. Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite, na kwa mwanaharamu aliyekuwa akipita wakati ule, kombe lilistahili kufunikwa. Risasi zilinyamaza. Darasa langu lililokuwa na watoto wa kuhesabika likajaa hadi wengine wakakaa madirishani. Lau siku ile mtu angesimama akadai tufafanue hapa hapa, ni kujisalimisha au ni kutambuliwa, kila mmoja angerudi alikotoka na bunduki yake. Ninacholalamikia ni jambo jingine: hakuna aliyeweka siku ya kulifunua kombe. Bazira aliandika kitabu mwaka uleule, kuhusu miaka 20 ya uchungu wa Rwenzururu, na miaka 20 maana yake ni kwamba hesabu imefungwa. Wenye uchungu hawakuwa wameifunga.

Mumbere aliondoka mwaka 1984 kwenda Marekani. Serikali iliyomwahidi masomo ikapinduliwa mwaka uliofuata, na Omusinga wetu akaishia kufanya kazi ya kuhudumia wagonjwa na wazee katika nyumba za kulelea, Maryland na baadaye Harrisburg, Pennsylvania, bila majirani kujua yeye ni nani. Bazira naye baadaye alishika njia ya msituni akaunda kundi la NALU, akauawa Kenya mwaka 1993. Wale wawili waliojua kwa hakika kilichosemwa faraghani mwaka 1982, mmoja akawa kaburini na mwingine akawa anasukuma kitanda cha mgonjwa Marekani. Sisi tulibaki na maelezo ya barazani.

Mwaka 1993 Buganda na wengine walirudishiwa watawala wao, na katiba ya 1995 ikaja na kifungu cha 246. Wanasheria wataniwia radhi, lakini nimekisoma kifungu hicho mara nyingi kuliko somo lolote la kanisani, kwa sababu ndicho nilichokuwa naulizwa. Kinasema mtawala wa jadi anaweza kuwapo kwa mujibu wa utamaduni na mila za watu, au kwa matakwa yao. Hiyo "au" iliwapa Wakonzo mlango. Walioipinga Rwenzururu walisema hapakuwa na ufalme kabla ya 1962, kwa hiyo mila haipo. Wenyewe wakajibu: sawa, shika basi matakwa. Mwaka 2005 utafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere ukakuta asilimia 87 ya Wakonzo na Waamba wa Kasese na Bundibugyo wanautaka ufalme na wanamtaka Mumbere. Lakini soma kifungu hadi mwisho. Mtawala huyo haruhusiwi kuingia siasa za vyama, wala kutumia madaraka ya kutawala, ya kutunga sheria au ya utekelezaji. Ni mfalme wa utamaduni.

Serikali iliridhia mwaka 2009. Septemba ya mwaka huo, baada ya ghasia za Kampala juu ya safari ya Kabaka kwenda Kayunga, serikali ilipiga marufuku ebimeeza, yaani ile mijadala ya redio inayofanywa hadharani, watu wakikaa mezani na kipaza sauti kikizunguka. Kwa hiyo mwezi mmoja kabla ya siku kubwa kabisa ya Kasese, redio zilikatazwa kufanya kile ambacho sisi tunafanya kwa chai. Baraza la duka halikukatazwa. Nani angelikataza?

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 19 Oktoba 2009, miaka 43 kamili tangu taji la mlimani. Rais Museveni akaja Kasese. Watu walikesha njiani, kutoka Kisinga, kutoka Kinyamaseke, kutoka Bundibugyo, wengine wakavuka kutoka Kongo. Nilimwona yule mzee mwembamba wa 1982, sasa akitembelea fimbo, ameshikwa na wajukuu. Alikuwa akilia waziwazi, na wajukuu waliaibika kidogo.

Na palepale uwanjani, chini ya jua moja, mambo mawili yalikuwa yakipigiwa makofi. Serikali ilikuwa imetambua taasisi ya utamaduni: lugha, ngoma, mavazi, heshima ya wazee. Mzee mwenye fimbo alikuwa akirudishiwa kitu alichokijua kwa mikono yake, na katika kitu hicho mlikuwa na kodi, mahakama, mawaziri na askari. Miaka 20 alikuwa ameishi ndani ya Rwenzururu iliyotawala. Utamwambia kwamba kilichorudi ni ngoma? Sherehe ya kila tarehe 30 Juni iliendelea, na wageni kutoka Kampala walikaa kwenye viti vya mbele, wakisikiliza hotuba za kuadhimisha uhuru. Uhuru kutoka kwa nani? Kutoka Toro, walisema wenye busara. Mwenye hofu alijibiwa hivyo akatulia, na mwenye matumaini hakuhitaji kujibiwa.

Mambo madogo yakaanza kuuliza swali la yule mfanyabiashara: kiasi gani? Ardhi ya malisho ya wafugaji Wasongora ni ya nani, na Omusinga ana neno juu yake? Wanyabindi na Wasongora, watu wengine wa hapa, wakiomba watawala wao ndani ya wilaya ileile, ni haki yao au ni kuugawa ufalme? Wilaya ikikatwa vipande, ni kusogeza huduma au ni kuuvunja Obusinga, yaani ufalme wenyewe? Vijana wanaolinda ikulu ya Omusinga ni walinzi wa heshima au ni jeshi? Kila swali lilipata majibu mawili, na kila jibu lilikuwa na watu wa kulifia. Tarehe 5 Julai 2014 makundi ya watu yalishambulia vituo vya polisi na vya jeshi Kasese, Bundibugyo na Ntoroko. Wengi walikufa.

Niseme pia kwamba tabia ya kupambanua si yetu peke yetu. Kampala nao wana baraza lao, na sisi ndio hotuba. Kura zetu zimekuwa zikisomwa kama mafumbo tangu zamani. Mwaka 1980 Crispus Kiyonga, mtoto wa hapa, alikuwa mgombea pekee wa chama cha UPM aliyeshinda ubunge nchi nzima, wakati Museveni, kiongozi wa chama chenyewe, alishindwa kwao. Wakati ule ilisomwa kwamba Kasese ni watu wa kuaminika. Mwaka 2016 Kiyonga akiwa waziri wa ulinzi aliangushwa, chama cha upinzani cha FDC kikafagia, na mbunge wetu Winnie Kiiza akawa kiongozi wa upinzani bungeni. Ikasomwa kwamba ikulu ya Omusinga imegeuka. Kumbe mtu wa Bwera anaweza kumnyima mbunge kura kwa sababu ya barabara. Hilo nimelisikia barazani kwa masikio yangu, lakini wasomaji wa Kampala hawapendi maelezo mafupi.

Ndipo likaja suala la Jamhuri ya Yiira. Hapa Mpondwe mpaka ni mto wa kuvuka kwa miguu. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule ni watu wa ukoo mmoja, lugha moja kwa tofauti ndogo, na mahari, misiba na madeni huvuka siku zote. Mtu akisimama msibani akasema "sisi na wa ng'ambo ni wamoja," anaeleza kwa nini kuna sufuria mbili za ziada jikoni. Maneno hayohayo yakichukuliwa hadi ofisi ya usalama Kampala yanakuwa ramani. Serikali ilisema Obusinga unapanga kuikata Uganda na Kongo ili kuunda nchi mpya. Obusinga ukakana. Sitadai kwamba hakuna kijana aliyewahi kuota nchi hiyo. Vijana huota. Ninachojua ni kwamba wanasiasa wetu wenyewe walilipenda tamko la "sisi ni wamoja" kwa sababu lilileta makofi kutoka pande mbili za mto, na hawakulifafanua wakati kulifafanua kulikuwa bado ni bure.

Tarehe 26 Novemba 2016 mapigano yalizuka Kasese kati ya askari na walinzi wa Obusinga. Polisi wasiopungua 14 waliuawa. Kesho yake, baada ya Omusinga kutakiwa kuwavunja walinzi wake, jeshi na polisi chini ya Brigedia Peter Elwelu waliishambulia ikulu ya Buhikira, katikati ya mji. Human Rights Watch walihesabu watu zaidi ya 100 waliouawa siku hiyo ya pili peke yake, wakiwamo watoto. Picha za vijana waliofungwa mikono wakiwa wamelala kifudifudi kwenye nyasi zilifika Bwera kwa simu kabla ya redio kutamka lolote. Jioni hiyo hakuna aliyevuta kiti.

Nimeulizwa kama ninadhani kauli za 1982 na 2009 ndizo zilizoua. Kauli hazivuti kifyatulio. Amri ilitolewa na watu, na risasi zilipigwa na watu. Lakini amri ile ilidai kwa saa chache jibu ambalo serikali tatu zilikuwa zimelikwepa kwa miaka 34: huyu ni mfalme wa namna gani, na walinzi wake ni nani? Swali la yule mwenye mizani lilijibiwa hatimaye, na waliolijibu walikuja na magari ya deraya.

Mumbere alishtakiwa kwa mauaji, uhaini na ugaidi. Akapata dhamana kwa masharti ya kutokanyaga Kasese, akawa na ruhusa ya Jinja, Wakiso na Kampala tu. Juni 2023 mashtaka yakaondolewa, na tarehe 4 Oktoba akarudi nyumbani. Barabara zilijaa majani ya migomba na watu.

Wiki ile viti vilivutwa tena. Mmoja wetu, karani mstaafu wa mahakama, alisema kuondoa mashtaka si kumwona mtu hana hatia. Kwa sheria yetu mwendesha mashtaka anaweza kuyaleta tena kwa mambo yaleyale. Mwingine akasema ni msamaha, kwa kuwa Omusinga asingeruhusiwa kurudi hivi hivi. Wa tatu akakataa kabisa: msamaha hupewa mwenye kosa, na huyu hakukutwa na kosa. Ikafika zamu yangu. Nikawauliza kama kuna aliyesoma karatasi yenyewe. Hakuna. Nikawaambia basi tuitafute kwanza, na karani akaahidi kuuliza kwa mwanafunzi wake wa zamani aliye Kampala.

Mama mwenye duka, aliyekuwa akikusanya vikombe, akauliza kama karatasi hiyo inasema lolote kuhusu waliouawa ikulu. Kwao walipoteza mtu. Karani akamweleza kwa upole kwamba hapana, karatasi ya namna hiyo huhusu walioshtakiwa tu. Kuhusu waliouawa ingehitajika tume, na tume haijaundwa. Akauliza tume ile ya Ssembeguya ilichukua muda gani kuundwa. Nikamjibu kwamba hiyo iliundwa mwaka uleule wa fujo, 1962. "Wakati ule kulikuwa na haraka," akasema, akatudai pesa ya chai.